Aliyeua ana miaka 14: kwa nini asishtakiwe kama mtu mzima?

SWALI: Habari za kazi, Wakili. Mwezi wa nane mwaka jana mpwa wangu wa miaka 16 alichomwa kisu na kijana wa miaka 14 wakigombania simu. Akafia njiani tukimkimbiza hospitali. Tangu siku hiyo mtaani tunaambiwa, "Huyo ni mtoto, hafungwi, mwakani mtamwona anacheza mpira." Ndugu yangu anayeishi Texas anasema kule mtoto wa miaka 14 akiua anapelekwa mahakama ya wakubwa na anakula miaka yake kama mtu mwingine yeyote. Kwa nini na sisi tusifanye hivyo? Mtu aliyejua kushika kisu si mtoto. Naomba unijibu bila kuzungukazunguka. – Mjomba, Morogoro

JIBU: Mjomba, pole sana. Pole ya kwenye maandishi haifiki mbali, lakini ipokee, na umfikishie dada yako.

Umesema nisizunguke. Msimamo wangu ni huu: mtoto wa miaka 14 asishtakiwe kama mtu mzima, hata kama ameua. Nimeshika kesi za watoto kwa miaka mingi, nimewatetea watuhumiwa, nimekaa na familia za marehemu kwenye mabenchi ya nje ya mahakama, na bado sijakutana na kesi iliyonibadilisha mawazo. Ila hayo uliyoambiwa mtaani si kweli, na ndugu yako wa Texas amekupa nusu ya habari. Nianze na la mtaani.

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kuwa mtoto hakumwondolei mtu kesi. Asiyeshtakiwa kabisa ni yule wa chini ya miaka 10. Kati ya 10 na 12, upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa anachofanya ni kosa. Akishavuka 12, anajibu. Huyo wa kwenu ameshaivuka mistari yote miwili. Wenzetu Kenya wameisogeza juu: tangu Sheria ya Watoto ya 2022 wa chini ya miaka 12 hashtakiwi, na wa 12 hadi 14 anahesabiwa hana uwezo huo mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kesi nyingi za watoto huanzia na kuishia Mahakama ya Watoto. Milango imefungwa, mzazi yupo, afisa ustawi wa jamii yupo, jina halitangazwi. Mauaji hayaishii humo. Yanakwenda Mahakama Kuu, mbele ya jaji yule yule anayesikiliza mauaji ya watu wazima. Na kwa shtaka la mauaji mtoto hapati dhamana kama anavyoipata yule wa wizi wa kuku. Anakaa mahabusu ya watoto, kama mkoa unayo. Nazo ni chache, ziko miji michache kama Dar es Salaam, Arusha, Mbeya na Tanga. Pasipo nayo, mtoto huishia gereza la kawaida, na akiwa na bahati hutengewa chumba.

Akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, hanyongwi. Kanuni ya Adhabu inakataza adhabu hiyo kwa mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa, na badala yake inasema awekwe kizuizini kwa ridhaa ya Rais. Maneno hayo yanasikika laini. Maana yake ni kwamba hakuna tarehe ya kutoka. Upande mwingine, kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto kinasema mtoto asihukumiwe kifungo, kisha kinataja njia nyingine, mojawapo kupelekwa shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya. Vifungu hivyo viwili vinavutana, na kila upande una la kusema mbele ya jaji. Kenya, Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2017 kwamba kumweka mtoto ndani kwa ridhaa ya Rais ni kinyume cha Katiba yao, kwa sababu adhabu hupangwa na mahakama. Kwa hiyo anayekuambia "mwakani atacheza mpira" muulize ameisoma sheria gani.

Jambo jingine nililazimika kulisema kwa familia nyingine kabla yenu, na halikupokewa vizuri. Umesema waligombania simu. Hata huyo kijana angekuwa na miaka 40, mauti yanayotokea katikati ya ugomvi mara nyingi hugeuka kuwa kuua bila kukusudia, na hukumu yake inamwachia jaji nafasi kubwa. Usije ukasikia maneno hayo mahakamani ukadhani ni umri wake umemwokoa.

Sasa Texas. Ni kweli kule mtoto aliyefikisha miaka 14 anaweza kuhamishiwa mahakama ya wakubwa kwa makosa mazito kabisa, mauaji yakiwemo. Anaweza, haendi moja kwa moja. Jaji wa watoto ndiye anayeamua, baada ya kikao, akiwa na ripoti ya mtoto mwenyewe na ya nyumbani kwao. Chimbuko lake ni kesi ya Morris Kent, mvulana wa miaka 16 wa Washington, ambaye jaji alimhamisha bila kumsikiliza wakili wake na bila kuandika sababu hata moja. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema mtoto hahamishwi hivyo: kikao kiwepo, wakili alione faili, jaji aandike sababu.

Halafu kuna kitu ambacho ndugu yako pengine hakijui. Texas hiyo hiyo inaweza kumbakiza mtoto mahakama ya watoto na bado ikampa hadi miaka 40. Anaanzia kituo cha vijana, na anapokua jaji anamtazama upya: kama amebadilika anatoka chini ya uangalizi, kama hajabadilika anamalizia gereza la wakubwa. Huo sio uhamisho. Mimi nina mashaka na hiyo 40, lakini lile la kumtazama upya akiwa mkubwa natamani lingekuwa letu.

Marekani haina sheria moja kwa hili. Florida mwendesha mashtaka anaweza kumpeleka mtoto kwa wakubwa kwa uamuzi wake mwenyewe. New York, sheria iliingiza mauaji ya mtoto wa miaka 13 upande wa wakubwa tangu 1978, na namna ilivyopatikana inafaa uijue, maana ndiyo namna unayoniomba tuitumie. Mwezi Machi mwaka huo Willie Bosket, miaka 15, aliwaua abiria wawili kwenye treni za chini ya ardhi. Sheria iliyokuwepo ikampa miaka 5. Magazeti yakawaka, gavana Hugh Carey alikuwa anagombea tena, na kabla ya mwaka kwisha sheria ilikuwa imebadilishwa. Watoto wa jimbo zima wakatungiwa sheria kwa kipimo cha mmoja.

Miaka ya 1990 ikawa nchi nzima. Mwaka 1995 profesa mmoja, John DiIulio, aliandika kwamba linakuja wimbi la vijana makatili wasio na utu, wa aina isiyowahi kuonekana. Majimbo karibu yote yakalegeza masharti ya kuwahamisha watoto. Wimbi halikuja. Mauaji yanayofanywa na vijana yalikuwa yameshaanza kushuka na yakaendelea kushuka kwa kasi. Mwaka 2012 DiIulio mwenyewe alikuwa miongoni mwa wasomi walioiandikia Mahakama ya Juu kukubali kwamba utabiri ule ulikosea. Sheria zilizotungwa kwa ajili yake nyingi zilikuwa bado zipo.

Nikae kidogo kwenye kesi mbili za wakati huo, kwa sababu watu wa pande zote hupenda kuzitumia, na wote huzikata nusu.

Ya kwanza ni Florida. Mwaka 1999 Lionel Tate, miaka 12, alimuua mtoto wa kike wa miaka 6 ambaye mama yake Lionel alikuwa ameachiwa amwangalie siku ile. Utetezi ukasema alikuwa anaiga mieleka ya kwenye televisheni. Waendesha mashtaka wakampa nafasi: akiri kosa, akae miaka 3 kituo cha watoto, kisha awe chini ya uangalizi. Yeye na mama yake wakakataa. Kesi ikaenda mahakama ya wakubwa, na mwaka 2001 akahukumiwa kifungo cha maisha bila msamaha, akiwa na miaka 14. Umri wa huyo wa kwenu. Mwishoni mwa 2003 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu, kwa sababu hakuna aliyempima kuona kama anaelewa kinachoendelea mahakamani. Mwanzoni mwa 2004 akakiri kosa dogo kuliko lile na akatoka. Mwaka uliofuata akakamatwa kwa kumpora kwa bastola mtu anayepeleka piza majumbani, na leo yuko ndani kwa miaka 30.

Ya pili ni Michigan. Nathaniel Abraham alikuwa na miaka 11 alipompiga risasi mtu mwaka 1997. Akashtakiwa kama mtu mzima, akatiwa hatiani mwaka 1999. Jaji Eugene Moore alikuwa na ruhusa ya kumfunga kama mkubwa. Akakataa, akailaumu sheria hiyo waziwazi, akampeleka kituo cha watoto mpaka atimize miaka 21. Akatoka 2007. Mwaka 2008 akakamatwa tena kwa dawa za kulevya.

Mtu anayetaka watoto wafungwe kama wakubwa atakutajia piza na dawa za kulevya. Asiyetaka atakutajia kifungo cha maisha cha mtoto wa miaka 14. Mimi ninachokiona ni ile nafasi ya miaka 3. Fikiria umekaa chumbani na mtoto wa miaka 13, unamweleza: ukikubali ni miaka 3, ukikataa na ukashindwa hutatoka tena. Ni hesabu inayowatoa jasho watu wazima, na mahakama ya wakubwa inadai aipige mtoto. Kwetu pia, tangu 2019 sheria inaruhusu majadiliano ya kukiri kosa, na mashtaka ya mauaji huteremshwa kwa njia hiyo kuwa kuua bila kukusudia. Anayesaini lazima aelewe.

Ndipo lilipo jibu la neno lako, "aliyejua kushika kisu si mtoto." Wewe unazungumzia kujua kwamba kisu kinaua. Hilo nakuachia: kijana wa miaka 14 anajua. Wa miaka 10 naye anajua. Lakini kuna kujizuia wenzako wanapokushangilia na damu imechemka, na kuna kuiendesha kesi yako mwenyewe, na viwili hivyo haviji pamoja na kujua. Wataalamu wa makuzi wanasema uwezo wa kufikiri kwa utulivu hukaribia wa mtu mzima mapema zaidi, kwenye miaka 16 hivi, ilhali ule wa kujizuia huendelea kukomaa mpaka baada ya 20. Ukiwa na wavulana nyumbani hukuhitaji utafiti.

Nikupe mfano wangu. Nilikwenda kumwona mteja wa miaka 14 mahabusu, shtaka lake mauaji. Alinieleza siku ile mwanzo mpaka mwisho bila kuficha, akalia palipostahili kuliwa. Alijua alichofanya. Nikamweleza kuhusu kesi kutajwa, upelelezi, Mahakama Kuu. Akawa anaitikia kwa kichwa. Nilipofunga jalada akaniuliza, "Wakili, sasa ile mitihani ya kidato cha pili nitaifanyia shule ileile au watanihamisha?" Ilikuwa imebaki wiki tatu. Hakuwa anajifanya. Alikuwa amekisikiliza kila nilichosema na akadhani Jumatatu moja isiyo mbali atavaa sare yake na kurudi.

Uingereza waliliona hili kwa macho. Mwaka 1993 wavulana wawili wa miaka 10 walimuua mtoto wa miaka 2 karibu na Liverpool, na kesi yao ikasikilizwa Preston kwenye mahakama ya wakubwa, mbele ya jaji, jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, wanahabari na umati. Mafundi wakaletwa kuinua sakafu ya kizimba, kwa sababu watoto walikuwa wafupi, hawaoni nje. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake wakawa wameinuliwa mbele ya macho ya kila mtu. Mwaka 1999 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema wavulana wale hawakupata kesi ya haki: hawakuweza kushiriki humo ndani kwa namna yenye maana. Haikusema hawakuua.

Na mtoto asiyeweza kushiriki huwa hatari hata kwenu, familia ya marehemu. Mwaka 1989 huko New York vijana watano, wa miaka 14 hadi 16, walikamatwa kwa shambulio la mwanamke kwenye bustani ya Central Park. Wanne wakakiri mbele ya kamera, baada ya mahojiano ya saa nyingi. Wote watano wakafungwa. Yule wa miaka 16, kwa kuwa kisheria alihesabiwa mkubwa, akaenda gereza la wakubwa. Mwaka 2002 mtu mwingine akakiri, vinasaba vikamthibitisha, na hukumu zote zikafutwa. Mtoto akihojiwa husema kile anachodhani kitamrudisha nyumbani. Nimesoma maelezo ya onyo ya watoto, yale yanayoandikwa polisi mtuhumiwa akihojiwa, yenye Kiswahili cha askari tupu, hakuna sentensi ambayo mtoto angeweza kuitamka.

Turudi kwenye swali la wengi: je, kuwafunga kama wakubwa kunapunguza uhalifu? Mwaka 2007 jopo la wataalamu lililoitishwa na CDC, taasisi ya afya ya jamii ya Marekani, lilikusanya tafiti zilizolinganisha watoto waliohamishiwa kwa wakubwa na wenzao waliobakizwa kwa watoto. Waliohamishwa walikamatwa tena mara nyingi zaidi, kwa wastani wa kama asilimia 34. Sikushangaa. Mweke mvulana wa miaka 14 selo moja na watu wa miaka 30, penye nyapara, penye wa kumtuma na wa kumtisha, kisha ujiulize atakayemfundisha ni nani. Naye atatoka siku moja. Huyo wa Morogoro, akipewa hata miaka 15, atatoka akiwa na kama miaka 30 tu, na atarudi mtaani kwenu, mahali watoto wako wanapoishi.

Ndiyo maana hata Marekani wenyewe wamekuwa wakirudi nyuma. Mwaka 2005 walifuta adhabu ya kifo kwa waliokuwa chini ya miaka 18. Mwaka 2012, katika kesi ya Evan Miller aliyeua akiwa na miaka 14, Mahakama ya Juu ilikataa kifungo cha maisha kinachotolewa moja kwa moja na sheria bila jaji kumtazama mtoto, na 2016 ikasema uamuzi huo uwaguse hata waliofungwa zamani. Mmoja wao, Henry Montgomery wa Louisiana, aliingia gerezani kwa kosa la mwaka 1963 akiwa na miaka 17, akatoka 2021 akiwa na 75. California tangu 2019 hairuhusu wa miaka 14 na 15 kuhamishiwa kwa wakubwa. Sio kwamba mvutano umekwisha. Mwaka 2021 mahakama ileile ililegeza tena masharti kwa majaji wanaotaka kutoa kifungo cha maisha. Lakini anayekuambia "Marekani wanafanya hivi" anakuambia habari za miaka ya 1990.

Nisikufiche hoja inayonisumbua. Si kila mtoto ni yule wa mitihani ya kidato cha pili. Wapo wa miaka 17 na miezi 11 wanaoongoza magenge na wanaojua kabisa kwamba umri wao ni ngao. Mwaka 2012 huko Delhi msichana alibakwa na kundi ndani ya basi na akafa; mmoja wa washtakiwa alikuwa na miaka 17. Akapata miaka 3 ya kituo cha marekebisho, akatoka Desemba 2015 wazazi wa marehemu wakiwa barabarani kupinga. Ndani ya siku chache Bunge la India likapitisha sheria ya kuruhusu wa miaka 16 hadi 18 wahukumiwe kama wakubwa kwa makosa mabaya sana. Ningekuwa baba wa yule msichana ningekuwa barabarani pia. Kuhusu wa 17 naweza kukaa na mtu nikabishana mpaka usiku. Ila angalia walipoweka mstari, na hasira yote ile: 16, na hata hapo mtoto hupimwa kwanza. Hoja ya India haimfikii wa miaka 14.

Hapa kwetu, kabla ya yote hayo, kuna umri wenyewe. Ni kesi ndani ya kesi. Cheti cha kuzaliwa mara nyingi hakuna. Inaletwa kadi ya kliniki iliyofutika, cheti cha ubatizo, bibi anayekumbuka mwaka wa mafuriko. Mzee mmoja aliniambia nje ya mahakama, "Mwanangu, huyu katoka jandoni, sisi tunamhesabu mwanaume." Nikamjibu kwamba jando linamfundisha kijana kuwa mtu mzima, halimalizi siku ileile. Akacheka, hakukubali. Nawe usikubali umri wa mdomoni tu; mahakama ina wajibu wa kuuchunguza, na upande wa mashtaka unaweza kuudai ushahidi wake.

Sasa lile ambalo nadhani ndilo linalokuumiza kuliko umri. Umeniandikia karibu mwaka mzima baada ya msiba na hukutaja hata mara moja kesi imefika wapi. Hujui, siyo? Kwetu hakuna jaji anayesaini amri ya kumhamishia mtoto kwa wakubwa. Anahamishwa na kalenda. "Upelelezi haujakamilika, naomba tarehe nyingine ya kutajwa." Mwezi, mwezi, mwezi. Nairobi, Septemba 2017, bweni la shule ya Moi Girls liliungua na wasichana 10 wakafa. Mwanafunzi aliyeshtakiwa alikuwa na miaka 14. Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumpa miaka 5, Februari 2022. Aliingia mtoto, akasomewa adhabu akiwa mtu mzima, na familia kumi zilisubiri zaidi ya miaka minne kusikia neno moja la jaji. Mtoto akihukumiwa baada ya miaka minne, yule aliyetenda hayupo tena kizimbani, yupo kijana mwingine mwenye ndevu. Na ninyi mnakuwa mmeshachoka, mashahidi wameshatawanyika. Ukinipa nguvu ya kubadilisha jambo moja tu katika sheria zetu, umri sitaugusa. Nitaweka ukomo: kesi ya mauaji yenye mtoto kizimbani iishe ndani ya mwaka.

Mpaka hilo litokee, fanya hivi. Nenda ofisi ya mashtaka ya mkoa, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ukiwa na namba ya kesi. Kama huna, kituo kilichofungua jalada kitakupa. Omba kumwona wakili wa Serikali anayeishika. Muulize kama ripoti ya uchunguzi wa mwili wa marehemu imeshaingia kwenye jalada, maana hiyo huchelewesha kesi nyingi kuliko watu wanavyodhani, na kama umri wa mshtakiwa umeshathibitishwa kwa nyaraka. Ukizuiwa kuingia ndani siku ya kutajwa, usidhani mnafichwa. Ni utaratibu wa kesi za watoto. Karani atakuambia tarehe inayofuata.

Na wale vijana waliokuwepo siku ya ugomvi, wako wapi leo? Vijana wa umri huo hawakai mahali pamoja: mmoja atakuwa ameenda Dar kutafuta kazi, mwingine kabadilisha laini ya simu. Wazungukie wazazi wao wiki hii, chukua namba zao mpya na mahali wanapoishi, andika kwenye karatasi mbili. Moja mpelekee mpelelezi, akusainie kwamba ameipokea kwenye ile nyingine, nayo uiweke nyumbani kwa dada yako.